KUMFUNDISHA KIJANA KUJIKINGA: HUKUMU YA KUMZUIA MSHAMBULIAJI KATIKA FIQHI NA HISTORIA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wao. Ama baad.

Ndugu msomaji, suala tunalolieleza katika makala haya lililetwa kwetu na mama mmoja baada ya darsa ya Magharibi. Alisubiri mpaka watu wametawanyika, kisha akasema: "Sheikh, naomba uniambie. Binti yangu ana dhambi?" Binti huyo ana miaka 14. Alikuwa akirudi kutoka madrasa ya jioni akapita katika kijia chenye vichaka, na mtu mzima anayefahamika mtaani akamshika na kumvuta. Alipiga kelele, akazibwa mdomo. Akaokota jiwe akampiga nalo kichwani, akachomoka na kukimbia. Watu walimkuta akilia, ushungi umechanika. Yule mtu alishonwa nyuzi, na sasa jamaa zake wanadai gharama za hospitali. Wazee wawili watatu wakashauri binti aende akaombe radhi "ili mambo yaishe".

Kabla ya kujibu, inanipasa nikiri jambo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana, alinijia mwanafunzi mdogo, yatima, akanieleza kwamba yupo mkubwa anayemsumbua njiani na kumtishia. Nilimwambia: "Subiri, mwanangu. Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri." Sikumuuliza anasumbuliwa vipi, wala sikumsindikiza. Baada ya wiki chache aliacha kuja madrasa, na nilipojua yaliyompata nilifahamu kwamba neno la haki nililiweka mahali pasipokuwa pake. Tangu siku hiyo mlango huu wa fiqhi nausoma kwa jicho jingine.

ASILI YA SUALA HILI

Wanachuoni wa fiqhi wanauita mlango huu *as-siyaal*, na yule anayemvamia mwenzake kwa dhulma wanamwita *as-saail*. Kinachozungumzwa ni kumzuia mshambuliaji asifikie nafsi, heshima au mali ya mtu. Huu si mlango wa kulipiza kisasi, wala si mlango wa jihadi. Ni mlango wa mtu mmoja, mahali alipo, saa anapovamiwa.

Dalili zake zimo katika Qur'ani na Sunna. Katika Suratul-Baqara aya ya 194, Mwenyezi Mungu ameruhusu kumrudi mwenye kufanya uadui kwa kadiri ya uadui wake, na katika aya inayofuata akakataza watu wasijitie wenyewe katika maangamizo. Katika Suratush-Shuura, kuanzia aya ya 39, wamesifiwa wale ambao wakifikwa na dhulma hujitetea, na aya ya 41 ikaondoa lawama kwa mwenye kujitetea baada ya kudhulumiwa.

Ama Sunna, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) afanyeje akijiwa na mtu anayetaka kumnyang'anya mali yake. Akaambiwa asimpe. Akauliza: akinipiga vita? Akaambiwa ajitetee. Akauliza: akiniua? Akaambiwa atakuwa shahidi. Akauliza: nikimuua mimi? Akaambiwa kwamba mvamizi huyo ni wa motoni. Na katika Hadithi ya Said bin Zaid (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, waliotajwa kuwa mashahidi ni wenye kuuawa wakitetea mali, dini, damu na ahali zao. Ikiwa mali ina daraja hiyo, basi mwili na heshima ya mtoto ni zaidi.

JE, SUBIRA HAIKO HAPA?

Wapo wanaosema kwamba ubora ni kuvumilia, na wanataja kisa cha wana wawili wa Adam katika Suratul-Maida aya ya 27 na 28, pale mmoja alipokataa kunyoosha mkono wake kumuua ndugu yake. Wanataja pia Khalifa Uthman bin Affan (r.a.), ambaye mwaka 35 Hijria (656) aliwazuia waliotaka kupigana kwa ajili yake nyumba yake ilipozingirwa.

Dalili hizi ni sahihi, lakini tuzitazame zilivyofahamika kwa wanachuoni. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye kitabu chake cha *Minhaajut-Taalibiin* ni tegemeo la madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani yetu hii, amefafanua kwa daraja. Kutetea mali inajuzu, wala si wajibu. Kutetea nafsi ni wajibu ikiwa mvamizi ni kafiri au mnyama, na ikiwa ni Muislamu, kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ni kwamba kujisalimisha kunajuzu. Ama kutetea heshima ya mwili, yaani kumzuia anayetaka kumwingilia mtu kwa nguvu, hilo ni wajibu.

Zingatia hapa, ndugu msomaji. Hata madhehebu yaliyoacha nafasi ya kujisalimisha katika nafsi hayakuiacha nafasi hiyo katika heshima. Uthman (r.a.) alitoa damu yake mwenyewe ili damu za Waislamu zisimwagike. Alikuwa mtu mzima, mwenye hiari, mwenye walinzi mlangoni. Wapi na wapi na mtoto anayevutwa kichakani? Kumwambia mtoto huyo asubiri ni kumsaidia dhalimu.

Tena Imam Nawawi akasema kwamba kumtetea mwingine ni kama kujitetea mwenyewe. Kwa hiyo asiyeweza kujitetea ana haki juu ya anayeweza.

NGAZI ZA KUZUIA

Sharia haikumpa mwenye kujitetea ruhusa isiyo na mpaka. Kanuni katika *Minhaaj* ni kwamba mvamizi azuiwe kwa jambo jepesi, kisha lililo zito kidogo, na kuendelea. Ikiwezekana kwa maneno na kuomba msaada, ni haramu kupiga. Ikiwezekana kwa mkono, ni haramu kutumia mjeledi. Ikiwezekana kwa mjeledi, ni haramu kutumia fimbo. Ikiwezekana kwa kukata kiungo, ni haramu kuua. Na ikiwa mtu anaweza kukimbia, basi kauli ya madhehebu ni kwamba kukimbia ni wajibu, na kupigana ni haramu.

Watu wengi hudhani kukimbia ni woga. Kumbe kwa mafakihi wetu ni hukumu! Kijana aliyekimbia akaokoka ametekeleza wajibu wake sawasawa.

Mafakihi hawakusahau kwamba mambo ya hatari hayaendi kwa mizani ya dukani. Wamesema kwamba pindi watu wawili wameshikamana na hali imetoka katika udhibiti, huondoka sharti la kufuata ngazi moja moja. Wamesema pia kwamba mtu asiyekuwa na fimbo, akawa hana mkononi ila kitu kilicho kizito zaidi, anaruhusiwa kukitumia, kwani hakukosea kwa kutokuwa na fimbo.

Upande wa pili, mvamizi akishaanguka au akishakimbia, haki ya kumpiga imekwisha. Anayemfuata na kumpiga baada ya hapo amegeuka yeye kuwa mwenye kushambulia, na anadhamini alichokiharibu. Kwa sababu hiyo pia, zile tabia za kundi la watu kumvamia mtuhumiwa na kumpiga mpaka afe hazina mlango katika fiqhi.

Mfano mzuri wa kanuni hii ni Hadithi ya Ya'la bin Umayya (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Katika safari ya Tabuk, mwaka 9 Hijria, watu wawili waligombana, mmoja akamuuma mwenzake mkono. Aliyeumwa akauchomoa mkono wake, na jino la yule muumaji likang'oka. Akaenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.) akitaka fidia, na Mtume akaibatilisha, akishangaa vipi mtu angemwachia mwenzake mkono autafune kama ngamia dume atafunavyo. Kumchomoka aliyekukamata ni haki yako, na madhara yanayompata kwa sababu hiyo hayana fidia.

BINTI WA ZAMA ZA UMAR (R.A.)

Lipo tukio lililopokewa na Abdur-Razzaaq katika *Musannaf* yake na Baihaqi, na Ibn Qudaama akalitegemea katika *Al-Mughni*. Mtu mmoja aliwakaribisha wageni wa kabila la Hudhail. Binti alitoka kwenda kutafuta kuni, mmoja wa wale wageni akamfuata akitaka kumwingilia kwa nguvu. Binti akamtupia jiwe, likamuua. Kesi ikafika kwa Khalifa Umar bin Khattab (r.a.), aliyetawala mwaka 13 mpaka 23 Hijria (634–644). Umar akahukumu kwamba huyo ameuawa na Mwenyezi Mungu, na hatolipiwa diya kamwe.

Msomaji ataona kwamba hali za binti yule hazitofautiani sana na za mabinti zetu. Alikuwa peke yake, katika kazi ya kila siku, mbali na watu, na hakuwa na silaha ila jiwe lililokuwa chini ya mguu wake. Na hatukupokea kwamba Umar alimuuliza kwa nini alikwenda kuni peke yake.

VIJANA WALIFUNDISHWA TANGU ZAMANI

Ikiwa kujikinga ni wajibu katika baadhi ya hali, basi njia ya kuufikia wajibu huo nayo inachukua hukumu yake. Mtu hawezi kuamrishwa jambo kisha akanyimwa elimu ya kulitenda.

Historia inaonesha kwamba ujuzi wa mwili haukuwa mgeni kwa vijana wa Madina. Siku ya Uhud, mwaka 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwarudisha vijana waliokuwa wadogo. Rafii bin Khadij, kijana wa miaka 15, aliruhusiwa alipoelezwa kuwa ni mpiga mishale hodari. Mwenzake Samura bin Jundub akasema kwamba yeye humwangusha Rafii katika mieleka, naye akaruhusiwa. Wanawake nao walikuwamo. Imam Muslim amepokea kwamba Ummu Sulaim (r.a.) alibeba jambia siku ya Hunain, mwaka 8 Hijria, na alipoulizwa na Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba ni kwa ajili ya adui atakayemsogelea. Mtume akacheka, wala hakumkataza.

Na tusisahau Wahabeshi waliocheza na mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume siku ya Idi, naye Mtume (s.a.w.) akimsitiri Bibi Aisha (r.a.) ili atazame, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Kwetu pwani, wazee wa Lamu na visiwa jirani wanaujua mchezo wa kirumbizi, ambapo wawili hukabiliana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikipigwa. Ni mchezo wa furaha, lakini ndani yake macho hufundishwa kuona pigo linalokuja na mkono hufundishwa kulikinga.

HALI ILIVYO LEO

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana nao wamo, na wao ndio wanaonyamaza zaidi kwa kuona haya. Katika nchi hiyohiyo tumeshuhudia, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya ushirikina, wakiwamo watoto wadogo. Ongeza juu yao yatima, wasichana wa kazi za ndani, watoto walio mitaani na vijana wenye ulemavu. Hao ndio *mustadh'afuun*, walioonewa kwa udhaifu wao, ambao Qur'ani imewataja katika Suratun-Nisaa aya ya 75.

Je, mafunzo yanasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulieleza kwamba zaidi ya nusu ya waliofundishwa walitumia mafunzo hayo kujinasua katika mwaka uliofuata. Mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu wanafunzi wa kike 893 katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada. Baada ya mwaka mmoja, miongoni mwa waliopata mafunzo ya saa 12 waliobakwa walikuwa takriban 5 katika kila 100, na miongoni mwa waliopewa vipeperushi tu walikuwa takriban 10. Mafunzo hayakuondoa shari yote, lakini nusu si jambo dogo.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Yanayofundishwa na wataalamu wa leo yanakaribiana mno na zile ngazi za *Minhaaj*.

Kwanza ni sauti. Mtoto tuliyemlea kuinamisha kichwa mbele ya kila mkubwa hupotewa na sauti siku anapoihitaji. Afundishwe kusema kwa nguvu, "Niache! Usiniguse!", na akivutwa mbele za watu, aseme waziwazi, "Simjui huyu! Si baba yangu!" Afahamishwe kwamba adabu kwa wakubwa haimlazimu kumtii anayemtaka jambo la haramu, awe mjomba, jirani au mwalimu. Walio wengi wanaodhuru watoto si wageni kwao.

Pili ni kukimbia, na kujua pa kukimbilia: dukani, msikitini, nyumba yenye watu, si vichochoroni.

Tatu ni kujinasua. Aliyeshikwa kifundo cha mkono auvute kuelekea upande wa kidole gumba cha aliyemshika, kwani hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Aliyekumbatiwa kwa nyuma akanyage kwa kisigino, apige muundi, atumie kiwiko. Makusudio ni kupata nafasi ya kuchomoka, si kushinda pambano. Haya hayafahamiki kwa kusikiliza, yarudiwe mpaka mwili uyazoee. Kijana mwenye ulemavu afundishwe kwa kadiri ya alichonacho: asiyeona kwa sauti na mshiko, anayetumia gongo kwa gongo lake.

Nne ni kusema. Amwambie mzazi au mkubwa anayemwamini, na asipoaminiwa na wa kwanza amwambie wa pili. Kwa Tanzania na Kenya ipo namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, isiyo na malipo. Jambo la jinai lifikishwe polisi na hospitali mapema, nguo zisifuliwe kwanza.

Mafunzo haya yana adabu zake. Wasichana wafundishwe na mwanamke, mahali pa stara. Usoni pasipigwe, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza. Kwa sababu hiyo na kwa madhara yake, Baraza la Fiqhi la Makka katika kikao chake cha 10, mwaka 1408 Hijria (1987), liliharamisha ndondi na mieleka inayoruhusu wapiganaji kuumizana. Mazoezi ya kujikinga yasiyokusudia kuumiza hayamo humo. Pale ambapo walimu wa karate au judo wana desturi ya kuinamiana kwa namna ya rukuu, badala yake itolewe salamu. Wanafunzi wasielekezeane visu wala kutishana hata kwa mzaha. Na kila somo liambatane na ile Hadithi mashuhuri kwamba mwenye nguvu wa kweli si yule anayeangusha watu, bali anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Kijana atakayetumia mafunzo haya kuwaonea wenzake aondolewe darasani.

ASIYEWEZA KUJITETEA HANA LAWAMA

Nalihofia jambo moja, nalo ni kwamba tukishafundisha, watu watasema kwa aliyedhurika: "Mbona hukupiga kelele? Mbona hukupigana?" Hilo ni kosa kubwa. Wengi hushikwa na ganzi kwa hofu, mwili ukakataa kutii. Aliyelazimishwa hana dhambi kwa itifaki ya wanachuoni, na mtoto asiyebaleghe kalamu imeinuliwa kwake. Dhambi yote ni ya mtendaji.

Wala mafunzo hayamwondolei mkubwa jukumu lake. Kufyeka kile kijia, kuweka taa, kuwarudisha watoto wa madrasa kwa makundi wakiwa na mtu mzima, kutomfungia mwalimu na mtoto mmoja chumbani: haya ni ya kamati ya msikiti na wazazi. Mtoto asibebeshwe mzigo tuliouacha sisi.

JAWABU

Nilimwambia yule mama kwamba binti yake hana dhambi, na ikiwa ilivyoelezwa ndivyo ilivyokuwa, hadaiwi fidia wala radhi. Alianza kwa sauti, sauti ikazibwa. Akatumia kilichokuwa karibu, na alipopata nafasi akakimbia, wala hakurudi kumpiga tena. Ngazi zote amezipita kama kwamba alizisoma. Yule mtu akikana, basi ni suala la ushahidi, na mahali pake ni polisi na mahakamani, si baraza la kumaliza mambo kimyakimya. Sheria ya nchi nayo inatambua haki hii. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18, haimtii hatiani mwenye kujitetea kwa kiasi kinachostahiki. Anayedaiwa hapa ni yule mwenye nyuzi kichwani, na wale wazee wanaotaka mdhulumiwa aombe radhi wamwogope Mwenyezi Mungu.

Mama alilia, kisha akauliza kama yupo atakayewafundisha mabinti wengine. Kamati yetu ya madrasa imekwisha kuafiki: kila Alhamisi baada ya Alasiri, mwalimu wa kike, ukumbini, pazia limeshushwa. Wavulana watakuwa na siku yao. Nimeomba nafasi ya robo saa mwanzoni niwasomeshe mlango wa *as-siyaal*, na kabla ya kuufungua kitabu nitawaambia lile nililoshindwa kumwambia yule yatima: ukisumbuliwa, sema, nasi tutasimama nawe.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu mbele yao na nyuma yao, utie nguvu katika wanyonge wao, na utusamehe tulipokuwa walinzi tukalala. Wallaahu a'lam.